Presha ya mzee 186/112 tarehe 2 Januari, na hasikii dalili yoyote. Tumkimbize hospitali ya KCMC?

Mwana_wa_Rau
Wakuu, heri ya mwaka mpya. Mzee wa miaka 68, yuko Kibosho. Asubuhi hii mashine imesoma 186/112, tukarudia hapo hapo ikaja 190/108. Kichwa hakimuumi, anaongea vizuri, chai amekunywa. Dawa zake ni amlodipini mg 10 na losatani mg 50, ila tangu wageni wa Krismasi waanze kufika anazimeza siku mojamoja. Jirani kaleta nifedipini, anasema itobolewe iwekwe chini ya ulimi. Tumpe?

Nesi_Soweto
Poleni kwa mshtuko. Hicho kidonge kirudisheni. Nifedipini ya kutoboa huiangusha presha ghafla, na mwili uliozoea presha kubwa hukosa damu ya kutosha kwenye ubongo, moyo na figo. Kiharusi mnachokikimbia kinaletwa na dawa yenyewe. Presha isiyo na dalili hushushwa kwa siku na wiki.

Dharura ni namba kubwa ikiambatana na dalili: kifua kubana, pumzi kukata, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa, uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Mkiona mojawapo, tafuteni gari, KCMC au hospitali ya Mawenzi moja kwa moja, msipitie duka la dawa. Andikeni saa ya mwisho alipoonekana mzima, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, pale inapopatikana, ina ukomo wa saa 4 na nusu. Msimpe chakula wala maji mpaka apimwe kumeza. Asipirini pia msimpe, kwani huenda mshipa umepasuka, na hilo huonekana kwa CT, ile picha ya ndani ya kichwa.

Kama hana dalili hata moja, pimeni upya. Akojoe kwanza. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Aketi dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda uwe kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Pimeni mikono yote miwili, kisha mfuate mkono wenye namba kubwa. Ikibaki 180/110 au zaidi, aonwe na daktari leo hii.

Mwana_wa_Rau
Asante sana dada. Mkanda ulikuwa juu ya sweta! Sasa ni 168/98. Nimeuliza pia: anameza diklofenaki ya magoti, mara mbili kwa siku.

Mfamasia_Njoro
Hiyo diklofenaki ikome leo. Inazifanya figo zishikilie chumvi na maji, kwa hiyo presha inapanda na losatani inapungua nguvu. Akiongezewa na dawa ya kukojoza, kisha aharishe au asinywe maji, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Kwa magoti atumie parasetamo, vidonge 2 vya mg 500, isizidi mara 3 kwa siku, lakini si ile ya kuyeyusha kwenye maji, ina sodiamu nyingi.

Dawa za presha arudi kwenye dozi yake ileile ya kila siku, asifidie alizoruka. Amlodipini huchukua kama wiki moja kufikia nguvu yake, msije mkasema siku ya tatu kwamba imeshindwa. Kliniki ombeni kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, sukari, protini kwenye mkojo na kipimo cha umeme wa moyo.

Jiko_la_Marangu
Naongezea magadi, maana kwetu yanasahauliwa kila mara. Kiburu (ndizi na maharage), makande, maharage, vyote vinatiwa magadi, na magadi ni sodiamu kama chumvi ila ulimi hauyatambui. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mmehesabu supu, vidonge vya mchuzi na ile chumvi ya pembeni ya nyama choma. Maharage yalowekeni usiku kucha, maji myamwage. Yataiva bila magadi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo apumzike. Na msimnunulie "chumvi ya wagonjwa" bila kusoma pakiti: nyingi ni za potasiamu, na pamoja na losatani potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo.

Nesi_Soweto
168/98 bado iko juu, ila mna nafasi ya kwenda kliniki wiki hii bila kukimbizana. Kwa siku 7 mpimeni asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara vipimo viwili vikiachana dakika moja. Siku ya kwanza mwitupe, zilizobaki mpige wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, kuanzia 135/85 ni presha ya juu. Daftari mpeni daktari, na mashine mwende nayo ilinganishwe na ya pale.