Chili ya nyama ya ng'ombe na maharage iwe nzito, maharage yanaingia lini?

jiko_moja:
Wakuu habari zenu. Wikiendi nina wageni, tutakuwa watu nane, nataka niwapikie chili ya nyama ya ng'ombe na maharage, ile nzito ukipakua inatulia kwenye bakuli, sio mchuzi mwepesi. Maharage mekundu makavu ninayo, nyama bado sijanunua. Nikiangalia naona wengine wanatumia ya kusaga wengine vipande, wengine wanatupia kila kitu sufuria moja basi. Ipi ni sawa? Na huo uzito unapatikanaje bila unga wa ngano maana mgeni mmoja hali ngano kabisa. Mkinipa na vipimo ntashukuru sana

MwikoMrefu:
Kutupia vyote pamoja achana nako, hasa kama maharage ni makavu. Nyanya ina asidi, na harage likikutana na asidi kabla halijaiva linagoma kulainika, unachemsha masaa na masaa nyama inachambuka nyuzi nyuzi harage bado gumu. Yapike peke yake kwanza. Nusu kilo inatosha, loweka usiku kucha na chumvi kidogo, asubuhi mwaga yale maji tia mapya, chemsha mpaka ukilibonyeza harage kwa vidole viwili linapondeka lote hadi katikati, sio ganda tu.

Nyama mimi nashauri vipande, kilo moja na nusu ya bega au shingo, zile sehemu zenye nyuzi na mafuta mafuta, steki laini itakukaukia bure. Kata vidogo kama sentimita 2, vifute vikauke kabisa halafu kaanga kwa mafungu, hapa ndipo utamu wote ulipo so usiwe na haraka. Sikiliza sufuria, ikiwa inatoa ule mlio mkali wa mafuta uko sawa, ukisikia inatokota ujue umejaza nyama nyingi imetoa maji na sasa inachemka, haitapata rangi. Unataka kila kipande kiwe cha kahawia iliyokolea angalau upande mmoja, na yale yaliyogandia chini usiyaoshe! Weka vitunguu maji vitatu humo humo, vikianza kutoa maji yanabanduka yenyewe unakwangua na mwiko.

Vitunguu vikilainika tia kitunguu saumu punje 5 au 6, bizari nyembamba ya unga kijiko kimoja cha chakula, paprika vijiko viwili, giligilani ya unga nusu, pilipili kavu kwa kadri yenu. Geuza nusu dakika tu mpaka harufu ipande, viungo vikiungua vinakuwa vichungu na hakuna dawa. Halafu nyanya nzito ya kopo vijiko viwili, ikaange mpaka iwe nyekundu ya kuiva, kisha nyanya za kawaida kama kilo moja zilizosagwa, rudisha nyama, maji yafunike kidogo tu. Moto mdogo, mfuniko uache upenyo, saa moja na nusu mpaka mbili. Maharage yaingie nusu saa ya mwisho

bi_sufuria:
Naongezea kitu muhimu hapo kwa MwikoMrefu. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, punje chache tu ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu vibaya ndani ya masaa machache. Kwa hiyo baada ya kuloweka lazima yachemke kwa nguvu, maji yakiruka kabisa, dakika 10 kwenda juu, ndo upunguze moto. Wale wa sufuria za umeme zinazopika polepole msiyaweke humo mabichi, ule moto hautoshi kuiua. Ya kopo yameshapikwa hayana shida, suuza tu

pilipili_kichaa:
Nyama ya kusaga nayo ni nzuri jamani, ile ya kusagwa nene, saa moja imeiva. Ila kwa wageni vipande vina heshima yake. (Kule Texas, ambako chili ni chakula rasmi cha jimbo tangu 1977, wengi hawataki kabisa kuona maharage ndani, mimi nayataka!)

Kuhusu uzito, chota upawa mmoja wa maharage uliyoyachemsha uyaponde kabisa uyarudishe, rojo linashika lenyewe. Ikibaki nyepesi, koroga vijiko viwili vya unga wa mahindi na maji baridi, mimina huku unakoroga, iache dakika 10 hivi. Hamna ngano hapo

jiko_moja:
Asanteni sana nimeelewa. Pilipili ikizidi nafanyaje, kuna watoto pia. Na naweza kupika siku moja kabla?

bi_sufuria:
Anza na kidogo, ya ziada kila mtu ajiongezee mezani. Ikizidi ongeza maharage na nyanya, na uweke mtindi pembeni, maziwa yanakata ukali, maji hayasaidii.

Kupika jana yake ndo vizuri zaidi dada/kaka, viungo vinaingia kwenye nyama. Igawe kwenye vyombo vipana ipoe haraka, isikae nje zaidi ya masaa mawili, halafu friji. Kesho yake itakuwa imeganda, tia maji kikombe, pasha moto mdogo mpaka itokote yote, chumvi onja hapo mwishoni