Kibali cha kufungia ndoa katika bustani ya umma: tuanzie wapi?

Swali

Ndugu zangu, naomba mwongozo kutoka kwa wale waliokwisha kuipita njia hii. Mdogo wangu wa kike anatarajia kuolewa baada ya miezi mitano, na yeye pamoja na mchumba wake hawataki ukumbi. Wanataka ndoa yao ifungwe asubuhi katika bustani ya umma, chini ya mti mkubwa ambapo wamekuwa wakikutana tangu walipofahamiana. Mimi ndiye kaka mkubwa, na suala la vibali limekabidhiwa kwangu.

Wageni watakuwa 60. Tutahitaji viti, turubai moja dogo la kuwapa wazee kivuli, na spika moja ili maneno ya mfungisha ndoa yasikike hadi safu ya nyuma. Chakula kitaliwa mahali pengine, kwa hiyo tunakadiria kukaa bustanini muda wa saa moja na nusu tu.

Nilipopiga simu katika ofisi inayosimamia bustani, aliyepokea alinijibu kwamba bustani ni ya watu wote na hakuna atakayetuzuia. Siku mbili baadaye nilimuuliza mlinzi wa langoni, naye akaniambia kwamba kundi lenye viti haliingii bila karatasi. Je, mkusanyiko mfupi kama huu unahitaji kibali kweli? Kama unahitaji, tuombe lini, na barua ieleze nini? Na tukishapewa, je, sehemu ile ya chini ya mti huwa yetu kwa saa hizo, au watu wengine bado wanaweza kuja kukaa hapo hapo?

Jibu la kwanza

Kaka, pole kwa kupewa majibu yanayopingana, ingawa kwa maoni yangu wote wawili walikuwa wakikuambia kweli. Mtu yeyote anaruhusiwa kuingia bustanini, kukaa kwenye nyasi, na hata kumvisha mchumba wake pete. Kinachobadilisha hali ni idadi ya watu na vitu wanavyoingia navyo. Katika jiji la New York, kwa mfano, mkusanyiko wa watu zaidi ya 20 katika bustani za jiji unahitaji kibali. Kiwango cha ofisi yenu kinaweza kuwa tofauti na hicho, lakini ninyi mko 60, tena mna viti, turubai na spika, na aghalabu kimojawapo tu kati ya hivyo hutosha kuifanya ofisi itake maombi ya maandishi. Zaidi ya hayo, asubuhi ya ndoa mtakutana na mlinzi, wala si na yule aliyepokea simu.

Nakueleza haya kwa uchungu, kwa sababu binti yangu alifungia ndoa bustanini nami niliridhika na ruhusa ya mdomo. Tulifika mapema tukapanga viti, na safu ya nne ilikuwa haijakamilika pale alipotujia kijana mmoja akiwa na jalada la plastiki mkononi. Alilifungua kwa upole akatuonyesha karatasi yenye muhuri, tarehe na saa, pamoja na mchoro wa bustani ambao sehemu yake moja ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Sehemu hiyo ndiyo tuliyokuwa tumesimama. Wao walikuwa na mashindano ya mbio za watoto, na walikuwa wameomba majuma kadhaa kabla. Hatukuwa na la kusema. Tulibeba viti kimoja kimoja hadi ukingoni mwa maegesho ya magari, na binti yangu akala kiapo chake huku magari yakirudi nyuma karibu naye. Sitaki mdogo wako apatwe na jambo hilo.

Kwa hiyo ombeni sasa. Miezi mitano si mingi, hasa kama tarehe yenu ni ya mwisho wa juma, kwa kuwa bustani yenye mti mzuri hutamaniwa na wengi. Kabla ya kuandika, nenda mwenyewe bustanini siku ile ile ya juma na saa ile ile mnayoikusudia, ukae hapo muda wote wa ibada. Utaona jua linaangukia wapi, vyoo vinafunguliwa saa ngapi, na kama mabomba ya kumwagilia hufunguliwa asubuhi hiyo. Utaona pia kama kuna kundi la mazoezi ambalo limezoea kukutana chini ya mti huo huo.

Barua yenu itaje mahali hasa, na si jina la bustani peke yake. Ambatisheni mchoro, hata kama ni wa mkono. Idadi ya watu ihesabu kila atakayekuwapo, wakiwamo wapiga picha, wapambaji na madereva, kwa sababu ofisi huhesabu vichwa vyote. Na muda msiuandike kuwa saa moja na nusu. Huo ni muda wa ibada, ilhali kibali huhesabiwa tangu kiti cha kwanza kinaposhushwa hadi taka ya mwisho inapoondolewa, kwa hiyo watu 60 wenye turubai wanahitaji saa nne. Spika itajeni waziwazi, kwa kuwa katika bustani nyingi kipaza sauti huombewa idhini yake peke yake, na mara nyingine idhini hiyo hutolewa na ofisi nyingine kabisa. Kadhalika kwa kamera ya kurushwa angani, kama mpiga picha wenu anayo.

Kuhusu swali lako la mwisho, kwa kawaida kibali huwapa haki ya kulitumia eneo mbele ya kundi jingine lililokuja kuomba baadaye, lakini hakiifungi bustani. Mpita njia atapita, na mtoto atafuata mpira wake hadi miguuni pa bibi harusi. Wachumba waambiwe jambo hilo mapema. Kama hawawezi kulivumilia, basi bustani ya umma haiwafai.

Jibu la pili

Naunga mkono yaliyosemwa, ila naona jambo moja zito halijaguswa. Kibali cha bustani kinaruhusu mkusanyiko tu; hakimfanyi mtu kuwa mume wala mke wa mtu. Uhalali wa ndoa unatoka katika sheria ya ndoa ya mahali mlipo, na sheria hizo hazifanani hata kidogo kuhusu mahali pa kufungia. Nchini Australia, sheria ya ndoa ya mwaka 1961 inaruhusu ndoa ifungwe mahali popote, mradi mfungisha ndoa awe ameidhinishwa na taarifa ya nia ya kuoana iwe imemfikia angalau mwezi mmoja kabla. Uingereza, kwa upande wa England na Wales, ndoa ya kiserikali lazima ifungwe katika ofisi ya usajili au mahali palipoidhinishwa, na ni tangu Julai 2021 tu ambapo iliruhusiwa kufungwa nje, kwenye viwanja vya mahali hapo palipoidhinishwa. Huko, wachumba wanaweza kupewa kibali kizuri cha bustani ya kawaida, wakala viapo mbele ya wageni wao wote, na kisheria wakabaki wachumba.

Kwa hiyo kaka, kabla ya kulipa chochote bustanini, mwone msajili wa ndoa pamoja na mfungisha ndoa wenu mkamwulize mambo mawili: kama ndoa inaweza kufungwa mahali pa wazi, na kama jina la mahali linaandikwa katika taarifa au cheti. Kama linaandikwa, kuhama bustani dakika za mwisho kunaweza kuwalazimu kuanza upya. Ikiwa sheria yenu hairuhusu, bado mna njia: wachumba wanaweza kusajili ndoa ofisini siku chache kabla wakiwa na mashahidi wao, kisha viapo vya bustanini vikawa kwa ajili ya familia. Nimeshuhudia ndoa mbili zilizofanywa hivyo, na machozi ya wazee yalikuwa yale yale.

Jibu la tatu

Nimefanya kazi ya kutunza bustani kwa miaka mingi, na ningependa ndugu muulizaji aelewe kwa nini ofisi inauliza maswali mengi kuhusu turubai. Chini ya nyasi mnazoziona kuna mabomba ya maji, mengine yakiwa kina cha kiganja tu. Nakumbuka asubuhi moja fundi wa turubai alipigilia kigingi cha chuma bila kumwuliza mtu. Kilipita bila shida, naye akaendelea na kingine. Baada ya muda maji yakaanza kutokeza taratibu kati ya safu za viti, wageni wakadhani ni umande, hadi miguu ya viti ilipoanza kuzama na bibi mmoja akainamia upande. Tulilazimika kufunga maji ya nusu ya bustani.

Ombeni turubai linaloshikiliwa na mizigo badala ya vigingi, na liwekeni mbali na shina, nje ya kivuli cha matawi kama nafasi inaruhusu, kwa sababu mizizi inayoulisha mti ipo karibu na uso wa ardhi na hubanwa na uzito na nyayo nyingi. Lori la viti libaki barabarani. Gurudumu likipita juu ya nyasi zilizolowa huacha mfereji ambao huchukua miezi kupona, na fedha za kuurekebisha hukatwa kutoka katika dhamana yenu. Pia waombeni wageni wasirushe vipande vya karatasi za kumetameta. Tumekuwa tukiviokota majuma mengi baada ya harusi, na ndege huvila.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Leo asubuhi tumemwona msajili, naye ametuambia kwamba mahali pa wazi panaruhusiwa, lakini jina la mahali linaandikwa katika taarifa, kwa hiyo tutasubiri kibali cha bustani kwanza kabla ya kuiwasilisha. Ofisi ya bustani imenipa fomu, na ndani yake wanataka bima ya madhara kwa watu wengine. Je, tunaweza kutumia ya yule anayetukodisha viti na turubai? Na mvua ikinyesha, tunapoteza ada yetu?

Jibu la kwanza

Kaka, bima ya mkodishaji hulinda kazi yake yeye. Mgeni wenu akijikwaa mahali pengine haitamgusa. Waulizeni kama ofisi inaikubali ikiwa majina yenu yataongezwa ndani yake, vinginevyo nunueni ya siku moja kwa jina la aliyesaini maombi. Kuhusu mvua, ofisi nyingi hazirudishi ada, ila baadhi hukubali kubadilisha tarehe mara moja ikiwa mmewaarifu kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Ombeni neno hilo liandikwe kwenye kibali. Kisha toeni nakala tatu: moja iwe kwako, moja kwa fundi wa turubai kwa kuwa ndiye atakayefika wa kwanza, na moja mpelekee yule mlinzi wa langoni siku moja kabla.