Msaada: mkaguzi amechukua kadi ya Oyster yenye salio, hela yangu nitaipataje?

Mpiga Kasia (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Niko London, upande wa mashariki. Wiki iliyopita nikitoka kituo cha Stratford, mkaguzi aliomba kadi ya Oyster, hii ya kulipia nauli za treni na mabasi huku, akaigusisha kwenye kimashine chake, akabaki nayo. Ilikuwa na pauni 27, nilizoweka asubuhi ileile. Sasa imekuja barua inataka maelezo. Barua nitaimaliza mwenyewe. Ninachoomba ni kujua salio linarudishwaje, maana hela yenyewe ni ya kuungaunga na usingizi sipati.

Kivuko Alfajiri:
Pole sana. Sisi wa Kigamboni na N-Card, kadi ya nauli ya pantoni, mmoja anawagongea hata watatu, wanamrudishia nauli mkononi. Mtu haachwi ng'ambo kwa kukosa kadi.

Mama Tunu:
Huku London kadi moja ni ya mtu mmoja kwa safari, hakuna kugongeana. Lakini Oyster ya kawaida, ile ya bluu, unaweza kumwazima hata jirani na mkaguzi hana neno. Hiyo yako ina picha?

Mpiga Kasia:
Picha ipo. Ila hela niliweka mimi.

Mama Tunu:
Picha ya nani?

Mpiga Kasia:
Ya mpwa wangu, tunaishi nyumba moja kwa dada. Ana miaka 17, shule zilifungwa, kadi ikawa imekaa tu kwenye droo. Sijaiba kitu cha mtu. Na jamani tuwe wakweli, nauli ya mtu mzima kwenye treni inaumiza, ya dogo ni nusu. Nasafisha ofisi usiku, nalipwa kwa saa. Naomba turudi kwenye salio.

Stendi Mpya:
Kumbe! Si ungepanda basi tu. Unalipa mara moja, na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi utakavyo bila kulipa tena.

Mpiga Kasia:
Kwa basi kazini nafika nimechelewa. Mtu ambaye hajawahi kukatwa mshahara kwa kuchelewa asinifundishe njia.

Mwana wa Eastleigh:
Huku Nairobi tulikuwa na BebaPay 2013, kadi ya kulipia nauli ya matatu, Google wakishirikiana na benki ya Equity. Serikali nayo ikasema kufikia Julai 2014 matatu zote ziache pesa taslimu. Makanga, yaani makondakta, walikataa kabisa! Kanga analipwa jioni kutoka kwa noti zilizo mkononi, hiyo ya kwenye kadi inaenda moja kwa moja kwa mwenye gari, sasa yeye akale nini? Abiria wengi nao walikuwa na M-Pesa tayari, hawakuona haja ya kadi nyingine mfukoni. 2015 BebaPay ikafungwa. Mimi kadi yangu bado ninayo.

Mzee Pwani:
Mwanangu, kadi ya punguzo imewekwa ili mtoto aende shule. Mjomba ukiitumia wewe, unamfundisha nini yule kijana? Na ikifutwa, nauli yake utamlipia wewe?

Mama Tunu:
Mzee umesema. Kadi ya 16+, hiyo ya vijana kama mpwa wako, ikitumiwa na mtu mwingine, mwenyewe anaweza kunyang'anywa, mabasi ya bure na nusu nauli ya treni vyote vikaondoka. Na salio atalidai mwenye jina kwenye kadi, siyo wewe. Tena Kasia, usiwaandikie kwamba ilikuwa siku moja. Kila kadi inapogusishwa inaacha rekodi, wanaona kituo na saa. Ungekamatwa huna tiketi kabisa huenda ungeandikiwa faini ya pauni 100, ukiwahi ndani ya siku 21 unalipa 50. Kadi ya picha ya mtu mwingine wanaweza kuipeleka mahakamani: faini hadi pauni 1,000 na rekodi ya jinai. Barua si jambo dogo.

Shahidi Namba Moja:
Mimi nasema hii ni chai, hadithi ya kutunga. Huyuhuyu mwaka jana alikuwa humu anaulizia kiwanja Kibaha, leo anasafisha ofisi London? Halafu habari ya barua anaikwepa. Imeandikwa kwa jina la nani?

Mpiga Kasia:
Kiwanja ni cha mama. Aliye London hana mama?

Dalali Mwaminifu:
Kibaha sehemu gani? Ninavyo viwili Misugusugu, hati safi.

Stendi Mpya:
Dalali fungua uzi wako. Misugusugu maji yenyewe hayaeleweki.

Shahidi Namba Moja:
Hajajibu. Jina la nani?

Mpiga Kasia:
La shemeji. Mkaguzi aliona picha ya mtoto, akauliza mimi ni nani. Nikasema ni baba yake, nikataja jina la shemeji na anwani ya nyumbani. Akapiga simu kuhakiki, vikakubali. Shemeji yuko Tanga msibani mpaka mwisho wa mwezi. Fomu nimeshaijaza kwa jina lake, nakiri kosa, faini nalipa mimi. Hatapoteza hata senti. Nyie mngefanyaje mbele ya mkaguzi, na foleni yote inakutazama?

Mzee Pwani:
Lahaula.

Shahidi Namba Moja:
Sawa, nafuta neno chai. Usiitume hiyo fomu.

Mama Tunu:
Kasia nisikilize. Kutaja jina la uongo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, na ukisaini kwa jina lake linakuwa la tatu, kubwa kuliko yote. Shemeji ana pasipoti ya huku?

Mpiga Kasia:
Ameomba uraia. Majibu bado.

Mama Tunu:
Basi unamwandikia jinai wakati wanapima mwenendo wake! Nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, hawatozi kitu, beba barua na uwaeleze yote, pamoja na jina, kabla hujajibu chochote. Dada yako naye ajue leo, asije kufungua bahasha ya pili peke yake.

Mpiga Kasia:
Na shemeji nimwambie akiwa msibani?

Mwana wa Eastleigh:
Mpigie. Tanga wako mbele yenu saa mbili au tatu tu, hajalala.