Corolla DX ya 1984: mipira ya maji, hita na vakyumu inaunganishwa wapi?

DX_ya_Baba_Mdogo, Kasarani

Hamjambo nyote. Nimeachiwa na baba mdogo Toyota Corolla KE70, gari ambalo wengi hapa Nairobi wanalijua kwa jina la DX, la mwaka wa 1984, lenye injini ya 4K na kabureta. Miezi miwili iliyopita hedi gasketi, kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, iliungua, nikalipeleka kwa fundi aliyelifungua na kulifunga tena kwa siku mbili. Gari liliwaka, lakini mipira, au hosipaipu kama tunavyoiita tukiwa madukani Kirinyaga Road, haikurudi ilivyokuwa. Midomo miwili ya hita kwenye injini imeunganishwa kwa kipande kimoja cha mpira kilichopindwa kama upinde, na hita yenyewe imeachwa kavu. Mipira mitatu myembamba ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, imezibwa kwa skrubu. Ule unaotoka kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche, umechomekwa chini ya kabureta, mahali ambapo nikikumbuka vizuri haukuwapo. Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, nilikabidhiwa mkononi, nikaambiwa kwamba nchi ya joto haina haja nayo.

Tangu siku hiyo injini inanguruma kwa kasi hata nisipokanyaga mafuta, na kasi hiyo inapanda na kushuka. Pedali ya breki imekuwa ngumu kiasi kwamba mke wangu amekataa kuliendesha. Jumapili iliyopita, nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, maji yalichemka nikiwa bado katikati ya mlima. Nimenunua geji ya vakyumu, nayo inasoma takriban inchi 13 za zebaki huku sindano ikitikisika, ilhali karatasi iliyokuja nayo inasema injini nzima husoma kati ya 17 na 21. Kibandiko cha mchoro kilichokuwa chini ya boneti kilipakwa rangi zamani. Naomba yeyote mwenye mchoro wa mipira ya injini hii anisaidie, au anieleze nianzie wapi.

Fundi_Mstaafu_Ngara

Ndugu, mchoro ningekupa, lakini nina shaka kwamba ungekufaa. Gari hili liliuzwa katika nchi nyingi, na vifaa vya kupunguza moshi havikuwa sawa kila mahali, kwa hiyo mchoro wa gari la soko jingine unaweza kukuonyesha mipira ambayo lako halijawahi kuwa nayo. Jambo litakalokufaa zaidi ni kuuliza kila mdomo kwenye injini unafanya kazi gani: unavuta, unasukuma au unapokea? Ukishajua hilo, mipira yenyewe itakwambia inakotaka kwenda.

Kwanza nikutoe hofu juu ya geji. Ile karatasi iliandikwa kwa mtu anayeishi karibu na bahari. Kila unapopanda futi 1,000, usomaji hupungua kwa takriban inchi moja, na Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, yaani zaidi ya futi 5,500. Ondoa inchi tano na nusu kwenye 17 na 21, utaona kwamba 13 ni namba ya kawaida kabisa hapa kwetu. Nimeshuhudia watu wakibadilisha pete za pistoni kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni ile sindano inayotikisika pamoja na mngurumo unaopanda na kushuka, kwa maana dalili hizo mbili zikiandamana, mara nyingi kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa.

Anza na breki, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, hadi kwenye busta, chombo kinachousaidia mguu kukanyaga breki, una vali ya njia moja, ambayo huruhusu hewa itoke kwenye busta kuelekea injini na kuizuia isirudi. Ikifungwa kinyume, busta haipati kitu na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Puliza kwa mdomo kutoka upande wa busta: hewa ipite, kutoka upande wa injini isipite. Kisha hakikisha mpira wenyewe ni ule wenye nyuzi ndani yake, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kwani mpira laini wa maji hufyonzwa hadi kuta zake zikagusana, na kwa macho utauona mzima injini ikiwa imezimwa. Kipimo cha mwisho ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ubakie umeikanyaga, halafu uwashe. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, usilitoe gari nje ya lango.

Sasa distribyuta. Kabureta ina aina mbili za midomo ya vakyumu. Mmoja uko chini ya kipepeo, kile kibao kinachofunguka ukikanyaga mafuta, au kwenye manifoldi yenyewe, nao huvuta kwa nguvu wakati wote injini inaponguruma bila kukanyagwa. Mwingine una tundu lake juu kidogo ya ukingo wa kipepeo kilichofungwa, hivyo hauvuti kitu hadi uguse mafuta. Weka kidole juu ya kila mdomo, kisha mtu mwingine akanyage mafuta taratibu. Baada ya dakika tano utakuwa umeijua yote bila mchoro wa mtu yeyote. Kwa kawaida diski ya vakyumu ya distribyuta katika injini za namna hii hulishwa na huo mdomo wa pili. Fundi wako ameupeleka mpira kwenye mdomo unaovuta wakati wote, kwa hiyo cheche zinawahi hata gari likiwa limesimama, na hiyo ni sababu moja ya mngurumo kuwa juu. Ukisharekebisha, pima upya taimingi, yaani wakati wa cheche, huku mpira huo umechomolewa na mdomo wake umezibwa.

Skrubu nazo uzitoe. Skrubu ina nyuzi, na hewa hupita katikati ya nyuzi hizo ikizunguka kama maji kwenye parafujo. Mdomo usio na kazi huzibwa kwa kifuniko cha mpira na klipu ndogo. Kabla ya kuziba, hata hivyo, tafuta ule mpira unaounganisha kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, na manifoldi kupitia vali ya kupumulia injini. Ukizibwa, moshi wa ndani hukosa njia na mafuta huanza kuvuja kwenye sili. Mpira huo uwe wa aina inayostahimili mafuta, kwani ule wa hita huvimba na kulainika ukikutana na mvuke wa oili.

Neno moja juu ya mpangilio. Kwenye injini hii manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya eksozi ziko upande mmoja wa hedi, kwa hiyo mipira ya vakyumu inapita jirani na moto. Usiulaze mpira wowote juu ya eksozi kwa ajili ya kufupisha njia. Vilevile uache ulegevu kidogo, kwa kuwa injini huyumba kwenye mauntini zake unapokanyaga mafuta, na mpira uliovutwa kama kamba ya kuanikia nguo huchomoka siku usiyoitarajia.

Mama_504_Limuru

Fundi amemaliza vakyumu, nami naomba nizungumzie maji, kwa kuwa mimi nina Peugeot 504 na nimeujua mlima huo wa Kimende kwa machungu.

Kaka, kile kipande kilichopindwa kama upinde kina madhara kuliko kinavyoonekana. Maji ya hita hutoka yakiwa moto kwenye injini, hupita kwenye hita, kisha hurudi upande wa pampu unaofyonza. Ukiiunganisha midomo hiyo moja kwa moja, umetengeneza njia ya mkato iliyo wazi daima, ambapo sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta inayoyapoza. Barabarani mjini huenda usitambue, lakini mlimani kila lita inahitajika kwenye rejeta. Tena kuna injini ambazo thamostati, ikifunguka, hufunga njia yake nyingine ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi. Kwa hiyo kutoa thamostati kwa sababu ya joto kunaweza kuleta joto. Asubuhi za Julai kwetu Limuru kunaleta hasara ya namna nyingine: injini haifikii joto lake, mafuta mengi yanaliwa, na hita haina cha kuondolea ukungu kwenye kioo.

Rudisha thamostati ya nyuzi joto 82 ikiwa bado inafunguka. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto na uitazame. Lakini kumbuka, sufuria ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi takriban 94, wala si 100, na hapo ndipo kifuniko cha rejeta kinapopata umuhimu wake. Kifuniko kizima chenye shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba huyaweka maji chini ya shinikizo, yakaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko ambacho mpira wake wa ndani umekufa hukuachia nafasi ya nyuzi 12 tu kati ya thamostati kufunguka na maji kuchemka, na mlima kama ule huzimaliza upesi. Kabla ya kununua kitu kingine chochote, nunua kifuniko.

Mpira wa chini wa rejeta uuangalie pia. Uko upande ambao pampu inafyonza, na baadhi yake huwa na springi ndani ili usibonyee. Zima gari, uubinye: ukiwa laini kama chapati ya jana na hauna springi, injini ikizunguka kwa kasi unaweza kufunga njia ya maji kabisa. Kwa mipira ya hita, pima midomo yako kabla ya kwenda dukani; milimita 16 ndiyo ya kawaida, lakini usinunue kwa kukisia. Klipu ikae nyuma ya ule mgongo ulioinuka kwenye mdomo, wala si juu yake.

Ukijaza maji, egesha pua ya gari ikitazama juu, fungua hita hadi mwisho wa moto, mimina polepole na uubinyebinye mpira wa juu hadi hewa itoke. Tumia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Najua hapa hakuna barafu, lakini hedi ya alumini ikikaa kwenye maji matupu pamoja na bloku ya chuma, huliwa kimyakimya.

Buruburu_Fezi_Ya_Tatu

Kwa heshima, sikubaliani na Fundi. Distribyuta ya gari langu nimeiunganisha kwenye manifoldi kwa miaka mingi, na injini inanguruma kwa utulivu kuliko zamani, tena huku juu ambako hewa ni nyepesi inapenda cheche ziwahi kidogo. Thamostati pia sina, na sijawahi kuchemsha.

Fundi_Mstaafu_Ngara

Bwana, juu ya distribyuta nakukubalia nusu. Inawezekana kufanya hivyo, na wako wanaofanya kwa kujua, lakini wanapanga upya taimingi na mngurumo ili vilingane na uamuzi huo. Mwenzetu hakupangiwa chochote. Mpira ulichomekwa pale ulipofika. Juu ya thamostati, ningependa kujua kama huwa unapanda Mai Mahiu ukiwa na abiria wanne.

Buruburu_Fezi_Ya_Tatu

Mimi ni wa Jogoo Road na mjini tu, mzee. Nimenyamaza.

DX_ya_Baba_Mdogo, Kasarani

Nawashukuru sana. Nimeshinda chini ya boneti Jumamosi nzima. Vali ya busta ilikuwa imefungwa kinyume, na mpira wake ulikuwa na ufa upande wa chini usioonekana. Pedali sasa inazama kama Fundi alivyosema. Distribyuta imehamia kwenye mdomo wa juu ya kipepeo, skrubu zote zimetoka, na geji inasoma 15 bila sindano kutikisika. Hita imeunganishwa, ingawa vali yake ilikuwa imekwama ikanibidi niilegeze kwa maji ya moto. Thamostati ilifunguka vizuri kwenye sufuria. Kifuniko cha rejeta ndicho kilichoniaibisha: mpira wake wa ndani ulibaki mkononi mwangu.

Yamebaki mambo mawili. Kuna mdomo mwembamba kwenye chombo cha kuchujia hewa ambao sijaupatia mwenzake. Pia naogopa kurudi mlimani kabla ya kujua kama ile hedi gasketi mpya imekaa sawasawa.

Fundi_Mstaafu_Ngara

Weka kidole kwenye huo mdomo injini ikinguruma. Ikiwa hauvuti, na kwenye bomba la kuingizia hewa la chombo hicho kuna kijibao kinachofunguka na kufunga, basi ni wa kifaa kinachochagua hewa ya uvuguvugu kutoka karibu na eksozi injini ikiwa baridi. Uzibe ili vumbi lisipite nje ya kichujio, kisha hakikisha kijibao kimekaa upande wa hewa baridi. Hapa Nairobi hutakihitaji kifaa hicho.

Kuhusu gasketi, fungua kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, utazame maji. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyosalia. Vikiendelea bila kukoma, au ukifunga kifuniko na mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja kabla maji hayajapata moto, hiyo ni gesi ya silinda, na hedi itabidi ifunguliwe tena. Usipoona dalili hizo, jaribu kwanza kupanda hadi Limuru kwa barabara ya kawaida, usimame, uache injini ipoe, upime maji, ndipo uifikirie Mai Mahiu.

Mama_504_Limuru

Na ukifika Limuru huku kioo kina ukungu, washa hita. Umeihangaikia vya kutosha.