Bangi ya dawa kutoka Hamburg hadi Mombasa: abebe, atume au aiache?

Binti_Kibokoni
Asalaam aleikum nyote. Khalati yangu anaishi Hamburg, ana ugonjwa wa neva unaomkaza misuli ya miguu. Daktari wake humwandikia bangi ya dawa, na Ujerumani jambo hilo ni halali tangu 2017. Mwezi ujao anakuja harusi ya kakangu, atakaa wiki tatu. Naona njia nne: aje nayo pamoja na barua ya daktari, aje na mafuta ya CBD (kiini cha bangi kisicholevya) peke yake, aitume kwa parseli, au aiache huko apewe dawa nyingine. Nilinganishieni, tafadhali. Bila dawa hiyo usiku hapati usingizi kwa maumivu.

Nahodha_Likoni
Dada, abebe na barua yake. Sheria ya hapa Kenya ililegezwa 2022. Ukikutwa na ya kutumia mwenyewe ni faini isiyozidi shilingi 100,000.

Mfamasia_Tononoka
Kaka Nahodha, umesoma nusu. Ni kifungo cha hadi miaka 5 au faini hiyo, na kwanza mahakama iridhike kwamba ni ya matumizi yake tu. Isiporidhika, adhabu ni nzito mno. Barua ya daktari wa Hamburg si leseni ya kuingiza bangi Kenya. Hata kile cheti cha Schengen, cha kubebea dawa kama hizo kati ya nchi za Ulaya zilizo kwenye mkataba huo, kinachotumika siku 30, kitamfaa akienda Paris au Vienna, si Mombasa. Halafu ndege yake inapitia wapi? Akibadilisha Dubai au Doha, atakuwa chini ya sheria za huko kabla hajaiona Kilindini.

CBD watu wanaiona nyepesi, lakini mafuta mengi yana chembe za THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, na afisa pale uwanjani hana maabara mfukoni. Parseli ndiyo mbaya kuliko zote: jina la mpokeaji ni lako wewe Binti, na polisi watakuja Kibokoni.

Imebaki ya nne, na hiyo inataka muda. Amwone daktari wake wiki hii. Kuna baclofen na tizanidine za kulegeza misuli, gabapentin kwa maumivu ya neva. Azianze akiwa bado huko, daktari apime kipimo kinachomfaa. Na baclofen haiachwi ghafla, kwa hivyo abebe ya kutosha safari nzima na siku za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya boksi lake la dukani, na barua ya Kiingereza yenye jina halisi la dawa.

Mama_Swaleh
Mwanangu Binti, nami niseme langu. Ndugu yangu alizuiliwa katika uwanja mmoja wa njiani kwa vumbi lililobaki ndani ya kisagio chake cha bangi. Jani lenyewe aliliacha nyumbani, na cheti cha daktari alikuwa nacho. Harusi aliyokuwa akiijia tulifunga bila yeye, na mamake alilia mpaka siku ya kombe la bwana harusi. Mwambie khalati asitumie begi lililowahi kubeba dawa ile. Achukue jingine kabisa.

Nahodha_Likoni
Mfamasia, nimekusikia, naondoa neno langu. Dada, usifuate nililosema.

Mfamasia_Tononoka
Hapana neno, kaka. Binti, muulize pia kuhusu joto. Wengi wenye ugonjwa wa aina hiyo huishiwa nguvu zaidi kwenye joto.

Binti_Kibokoni
Shukran sana. Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza kidogo, akasema ataiacha. Amepata miadi Alhamisi, na begi anaazima la binti yake. Kuhusu joto, ni kweli, kiangazi cha huko tu humlaza. Kwetu ni ghorofa ya tatu na ngazi hatazimudu. Kuna anayejua nyumba ya chini Nyali au Bamburi, yenye AC, ya kukodi wiki tatu?

Mama_Swaleh
Yangu ya Bamburi iko wazi. Chumba cha chini, choo ndani. Njoo ukaione kesho baada ya alasiri.