Mazingaombwe kazini: marufuku ya nini?

Chuno_Kati: Wadau, salaam. Kuna ofisi hapa Mtwara mjini imebandika tangazo: ni marufuku mfanyakazi kufanya "kiinimacho na michezo inayofanana nacho" eneo la kazi, hata muda wa chai. Chanzo ni kijana wa stoo anayepoteza sarafu mkononi, wateja wakaanza kunong'ona kwamba ofisi ile ina mambo. Mimi naona saa nne ya chai, mbali na kaunta, hakuna ubaya. Nyie mnasemaje?

Mlinda_Senti: Marufuku ni sahihi kabisa. Mchezo wenyewe ni huu: sarafu ya 500 inashikwa kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuja kama unaichukua, dole gumba linapita chini yake, na hapo hapo sarafu inaachiwa idondokee kiganja kile kile cha kushoto. Mkono wa kulia unafumba na kuondoka, macho ya mchezaji yanaufuata, na wewe unayafuata macho yake. Mkono uliozoea hivyo ndio unaobakiza chenji ya mteja. Keshia anayejifunza kiinimacho anajinoa kuiba, basi.

Dada_wa_Kaunta: Mlinda Senti, umetutukana bila hata kukohoa. Nani anaiba kwa sarafu ya 500 siku hizi? Wizi wa kaunta ni wa noti, na mara nyingi unaletwa na mteja mwenyewe: noti moja inakunjwa katikati na kupachikwa ndani ya bunda, ukipekua kona inajitokeza ncha mbili. Noti tisa zinahesabika kumi. Kwa noti za tembo umeliwa 10,000 huku unatabasamu. Dawa yake fungua bunda lote, nyoosha noti, hesabu, geuza uhesabu upande wa pili. Aliyewahi kucheza kiinimacho ndiye atakayeliona kunjo hilo mapema. Ukitaka mazingaombwe ya kweli nenda kwenye mizani ya korosho msimu ukifunguliwa, utuache sisi.

Karani_Mizani: Haya, mada ni kijana wa stoo, kosa limekuwa la karani! Dada yangu, mizani inawekwa mahali pa usawa, inasomwa sifuri mkulima akiwepo, stika ya Wakala wa Vipimo ipo pale pale kila mtu anaiona. Gunia tupu la juti lina kama kilo 1, ndiyo inayokatwa. Tatizo korosho imeokotwa jana, haijaanikwa, mtu kaipima nyumbani ikiwa na maji. Akiianika juani siku mbili tatu, uzito unashuka. Hapo karani kaiba?

Newala_Juu: Kilo 1 ya juti tumekubali, kaka. Na mkulima aliyeleta kwenye kiroba cha salfeti, ambacho kitupu hakifiki hata robo kilo, naye mnamkata ngapi? Chukua kiroba cha gramu 150. Ukikata kilo nzima umezidisha gramu 850. Viroba 20, kilo 17 zimepotea bila hata kupepesa jicho. Kijana wa stoo anapoteza sarafu moja na anairudisha.

Mlinda_Senti: Hahaha! Newala umeua. Ila dada, sikusema makeshia wote.

Dada_wa_Kaunta: Umesema "keshia anayejifunza". Maandishi yako yapo hapo juu, kapande uyasome.

Fundi_Vikombe: Jamani turudi kwenye mada. Kiinimacho cha kazini kisiguse pesa wala mali ya mteja, mengine ruksa. Mfano: chana pampasi mpya, kung'uta unga ulioshikana na pamba, weka kijiko kimoja cha chai ndani ya kikombe kizito kisichopitisha mwanga, cheupe kwa ndani. Mimina maji robo kikombe, piga stori kama nusu dakika, kipindue juu ya kichwa cha bosi. Hakidondoki kitu. Wanaoharibu ni wenye haraka, wanapindua maji hayajashikwa, na wanaojaza kikombe ili wasifiwe. Na msimwage ule ujiuji kwenye sinki, unaziba bomba.

Mikindani_Pwani: Umesahau jambo moja, fundi. Huku pwani kisima kikiwa na maji ya chumvi, bosi ataoga. Chumvi inaukata nguvu ule unga, unanyonya sehemu ndogo tu ya kawaida yake. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Chumvi hiyo hiyo ndiyo dawa ya usafi: nyunyiza vijiko viwili kwenye ujiuji, unalegea, unautupa kwenye taka. Na kingine, Sheria ya Uchawi ya 1928 bado ipo, na inamshika hata anayejifanya ana nguvu hizo. Kijana akimwambia mteja "jini wangu kaichukua", amejitafutia kesi. Akisema "nachezea macho yenu", hana hatia.

Mlinda_Senti: Kwa hiyo sisi watu wa kusini kila kitu uchawi?

Mikindani_Pwani: Nani kataja kusini? Ni sheria ya Bara nzima, hadi Bukoba. Ukoloni uliitunga, sijaitunga mimi.

Chuno_Kati: Wadau, swali lilikuwa tangazo la ofisi. Liondolewe au libaki?

Karani_Mizani: Libaki. Na wanaosingizia mizani waje na jiwe la kilo 20 lililopigwa muhuri, waliweke katikati ya sahani kisha kwenye pembe zote nne. Pembe ikisoma tofauti na katikati, mizani imekaa vibaya au sahani imepinda, mizani hiyo isitumike. Wakiona mtu kaegemea meza iliyogusana na sahani, wapige kelele hapo hapo, siyo mwezi wa pili.

Fundi_Vikombe: Sasa hapo naona umetufundisha namna ya kuiba.

Karani_Mizani: Nimefundisha namna ya kukagua!

Dada_wa_Kaunta: Kama mimi nilivyofundisha kuhesabu bunda. Karibu kwenye chama cha wanaoshukiwa, kaka.

Newala_Juu: Karani, bado sijajibiwa kiroba.