Kafunga valvu ya radieta NUSU. Nusu, jamani, NUSU!

Mkaa_Uani
Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Msijifanye hamumjui, kila jengo la ua hapa Rogers Park, Chicago, lina mjuaji wa kwake: ana funguo za chumba cha boila, miwani yake ina kamba, na tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Leo kaja kukagua radieta ya sebuleni, lile dude la chuma la kupasha nyumba joto kwa mvuke wa boila, inayogonga kuanzia saa kumi usiku kama wahunzi wanashindania tenda. Kaiinamia, kainusa, kashika gurudumu la valvu, kafunga NUSU. Kafuta mikono, kisha kasema: "Kelele zenyewe ni nyinyi mnapika sana."

Nusu! Radieta ya bomba moja, jengo la 1926, mtu mzima mwenye mvi anafunga NUSU! Angefunga yote ningemwita mkali. Angeacha wazi ningemwita mvivu. Nusu ni nini? Hata mlango wa choo haufungwi nusu. Tangu aondoke haigongi tena, inapiga mizinga. Kidude cha hewa kinatema maji ya kutu mpaka ukutani na sakafu ya mwaloni imeanza kuvimba kama andazi. Nje miti imefunika barabara, wageni wanapiga picha wanasema unaishi peponi. Peponi valvu hazifungwi NUSU.

Na hilo la kupika sana tutalirudia.

Chizi_wa_Ziwani
Tangazo la nyumba yenu linasema "jengo la kabla ya vita". Vita gani, vya Kagera?

Mkaa_Uani
Vya Pili vya Dunia. Usinichefue, kafunga nusu.

Chizi_wa_Ziwani
Na hiyo "kondo" yenu, eti nyumba ya kumiliki ndani ya ghorofa? Mimi kondo ninayoijua ni ya nyuma, inatoka na mtoto.

BintiPangani
😂😂😂 Mleta uzi, swali dogo tu: alipokuwa anafunga hiyo nusu, mkono wako wewe ulikuwa wapi?

Mkaa_Uani
Nilikuwa nimeduwaa. Ungekuwepo ungeduwaa pia. NUSU, dada.

FundiMvuke
Tuache utani kidogo. Kwenye bomba moja mvuke unapanda na maji yanarudi kwa njia ile ile, kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba. Valvu ikiwa wazi kabisa, wanapishana. Ikifungwa kabisa, hakuna anayeingia. Ukifunga nusu, mvuke unapenya lakini maji yanakosa pa kupita, yanajaa ndani, na mvuke unaofuata unayabeba na kuyabamiza kwenye chuma. Ndiyo mizinga yako hiyo. Ndiyo na maji ya kutu.

Dawa: ngoja ipoe, fungua gurudumu kinyume cha saa mpaka lifike mwisho. Weka pimamaji juu ya radieta. Lazima iinamie upande wa valvu, maana ndiko maji yanakotokea. Majengo haya yamekaribia miaka mia, chuma kizito kimebonyeza sakafu, na mara nyingi utakuta imelalia upande wa pili. Nyanyua upande ulio mbali na valvu, chomeka kipande cha mbao cha milimita 6 hivi chini ya kila mguu. Polepole! Kiungo cha zamani kikikatika utakaa na theluji ya Januari bila radieta kabisa.

Ukimaliza, badili kitoa hewa, kile kidude cha rangi ya fedha upande usio na valvu. Uzi wake kwa kawaida ni wa inchi 1/8. Kizungushe kwa mkono radieta ikiwa baridi, kwenye kipya viringisha utepe wa teflon mara mbili tatu, na kikishakaza kisimame wima. Kikilala kitatema hata kama ni kipya.

Chizi_wa_Ziwani
Uzi ndani ya uzi.

FundiMvuke
Na kama shida yako ni joto, gurudumu usiliguse. Kuna valvu ya kujirekebisha yenyewe kwa joto la chumba, ila kwenye bomba moja inawekwa kati ya radieta na kitoa hewa. Haiwekwi pale mvuke unapoingilia. Ukiiweka hapo umerudi kwenye nusu ya yule bwana.

Mkaa_Uani
Ahsante mkuu. Umeona? NUSU.

Askari_Kanzu
Mshtaki! Chicago ina sheria ya joto: 15 Septemba hadi 1 Juni, mchana nyuzi 68, kuanzia saa nne na nusu usiku nyuzi 66. Fahrenheit, kabla hamjasema anachemshwa.

BintiPangani
Hiyo inamlinda mpangaji dhidi ya mwenye nyumba. Huyu ndiye mwenye nyumba. Ajishtaki mwenyewe, apate na fidia.

FundiMvuke
Tena ninahisi huyo bwana kaongeza presha kule chini. Ni ugonjwa wao. Mmoja akilalamika baridi ghorofa ya tatu, wanapandisha, wakidhani mvuke utakimbia. Kinyume chake: mvuke wa presha ndogo ndio unaokimbia. Boila iwake kwenye 0.5, izime kwenye 1.5, usizidi pauni 2 kwa inchi mraba. Mwambieni pia afungue kile kibomba kilichojikunja duara chini ya kidhibiti presha, akisafishe. Kikiziba kwa tope kidhibiti kinakuwa kipofu, boila inaendelea tu.

Mkaa_Uani
Nimwambie nani? Mtu aliyefunga NUSU?

Tofali_Laini
Heri yenu mnaogongewa. Kuna bodi ya wamiliki wa jengo, siitaji, imeleta watu wakajaza saruji ngumu katikati ya matofali ya 1924. Tofali hilo ni laini, lilijengewa chokaa. Maji yakiingia ukutani hayawezi kupitia saruji, yanapitia tofali lenyewe, yanaganda, uso wote unabanduka kama ganda la yai. Bili dola 180,000. Mwenye asilimia 4 kwenye hati ya kondo anatoa 7,200, hata kama kwake hapajawahi kuvuja tone. Halafu miaka michache ijayo mnalipa tena kung'oa saruji.

Askari_Kanzu
Na baraza za mbao za nyuma? Tangu ile ya mtaa wa Lincoln Park ilipoanguka 2003 na kuua watu 13, hakuna cha mzaha. Chungulia chini yake: ubao unaobeba baraza uwe umefungwa ukutani kwa bolti zinazopita. Misumari peke yake hapana.

Mama_Risasi
Mnahangaika na mvuke, mmesahau risasi, ile metali yenye sumu. Rangi ya nyumba yenye risasi ilipigwa marufuku Marekani 1978...

Chizi_wa_Ziwani
Mwaka wa vita vya Kagera! Nilisema!

Mama_Risasi
...kwa hiyo dirisha lolote la kamba na uzito ambalo halijabadilishwa, chukulia linayo. Kila ukilipandisha na kulishusha, linasaga vumbi. Futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu, usipige msasa. Na majengo madogo, jiji lenyewe lilikuwa linalazimisha bomba la risasi kuingiza maji mpaka 1986. Asubuhi acha maji baridi yatiririke dakika tano kabla ya kunywa, na ugali usisongwe kwa maji ya moto ya bomba.

BintiPangani
Enhe, tumerudi kwenye kupika sana.

Mkaa_Uani
Tunapika kama watu! Na saketi ni moja ya ampea 15 kwa jiko zima, yaani wati 1,800. Birika 1,500, ukiongeza maikrowevu giza. Mtu atapikaje sana?

Tofali_Laini
Usilete umeme hapa, tuko kwenye matofali.

Mzee_wa_Koleo
Nyote mna raha. Mtu anafukua theluji kwa muda wa saa mbili mtaani, anaegesha kiti pale kulinda nafasi ya gari kama desturi ya Chicago inavyotaka, anarudi kutoka kazini anakuta kiti kiko juu ya lundo la theluji na gari lingine limelala pale. Na mnamjua ni nani.

Askari_Kanzu
Barabara ni ya jiji, mzee. Kiti ni takataka kisheria, jiji huwa linavipitia na lori.

Mzee_wa_Koleo
Koleo nalo ni la jiji?

BintiPangani
Kiti kimoja hakitoshi, watu wanachukua. Viwili, ubao wa kupigia pasi katikati.

Tofali_Laini
Ubao wa pasi unapeperuka na upepo wa ziwani. Ndoo yenye zege.

Mkaa_Uani
Samahani wakuu, nimefungua gurudumu mpaka mwisho kama fundi alivyosema, imetulia kidogo. Lakini yaani mtu na akili zake, anainama, anashika, anafunga NUSU...

Chizi_wa_Ziwani
Mzee, hicho kiti kilikuwa cha plastiki au cha mbao?